Mfuko 417

Alphonse ameleta mifuko tisa,
kilo ishirini kila mmoja. Anasema mbu walimla shingo
na helikopta ilichelewa siku mbili.
Hiyo ilikuwa Julai. Mimi naufungua udongo wake Desemba,
umeshachekechwa, umeshazamishwa
katika kimiminika kizito ambamo mchanga mweupe huelea kama povu
na vilivyo vizito huenda chini.
Vizito hivyo ndivyo riziki yangu.

Saa tisa alasiri, jua la Yellowknife limeshafunga duka.
Jicho kwenye hadubini, brashi ya nywele tatu,
naichovya ulimini, nagusa, nabandua:
nyekundu, ya kawaida. Ya chungwa, kando.
Nyeusi, nyeusi, nyeusi.

Ya zambarau.

Ndogo kuliko chawa. Ubavuni imebakiza gamba lake,
maana yake haikusafiri mbali:
barafu kongwe iliyoisaga nchi hii kuelekea magharibi
iliibeba kidogo tu, ikaitua.
Basi rudi mashariki. Na kidole changu, bila kutumwa,
kinatambaa kwenye ramani
hadi ziwa tunaloliita Mfupa-wa-Samaki,
ambako shangazi Celine hutega nyavu chini ya barafu.

Almasi ni bubu. Garneti ndiyo huropoka:
jirani wa ukuta mmoja, kilomita mia na hamsini chini,
aliyepandishwa na kimberlaiti ileile, kwa haraka ileile.
Tajiri wa kromi, maskini wa kalsiamu:
akiwa hivyo, huenda alilala nyumba moja na almasi.
Kalsiamu ikizidi kidogo, alilala nyumba ya pili.
Na jicho halijui. Zambarau zote mbili, pacha.

Brashi ingali hewani.
Nikipiga chafya sasa?
Chafya moja, ziwa likabaki ziwa,
na Alphonse akabaki bila kazi
na deni la pikipiki ya theluji.

Sikupiga chafya.
Nikaandika: 417, moja.

Wakaizamisha kwenye gundi, wakaisugua hadi nusu,
wakaipiga mwale wa elektroni.
Siku nne sikula vizuri.
Karatasi ikarudi: kromi, saba nukta moja, safi kabisa.
Kalsiamu, tano nukta nne.
Imevuka mstari kwa upana wa unywele.
Bosi akasema, "Nyumba ya pili," akafunga faili.
Dalili ya mvua ni mawingu, sawa,
lakini mawingu mangapi yamepita juu ya kichwa hiki
na maji yake.

Nilicheka peke yangu chooni. Kisha nikalia kidogo,
sijui kwa ajili ya nani.

Jumapili Celine akatuma samaki, wakavu kama kuni kwa baridi.
Wa kwanza alipolainika nikampasua,
nikachungulia tumbo lake, mazoea tu.
Mchanga. Punje mbili nyeusi.
Na moja pembeni
ambayo sikuigeuza kwenye mwanga.