Ukungu Haubaniki

Shangazi Subilaga alishuka kutoka Katumba Jumatatu,
mkanda ndani ya kitenge, kitenge ndani ya rambo,
rambo chini ya kikapu cha ndizi mbichi.
"Kipaimara cha Lusajo," akasema, "mwaka wa tisini na sita.
Nitolee, uniwekee kwenye simu."

Mvua ya Tukuyu haina adabu, huingia hata ndani ya kanda.
Pembeni mwa utepe palikuwa na ukungu mweupe kama unga.
Nikaufuta kwa pamba na spiriti, inchi kwa inchi,
nikafuta na vichwa vya deki.
Deki ikakohoa. Bluu. Mistari. Kisha kanisa.

Kompyuta ikauliza: nidake kwa kodeki ipi?

Ipo isiyopoteza kitu.
Hiyo, saa moja ya kanda hula gigabaiti thelathini na tano,
kama mgeni anayeshiba, halafu anafungashiwa.
Ipo inayobana.
Hiyo ni karani bahili: fremu ya kwanza huiandika yote,
ya pili anauliza, kimebadilika nini?
Kilichotulia hakiandiki.
Anaweka alama tu: kama jana. Kama jana. Kama jana.

Diski yangu ilibakiwa na gigabaiti kumi na moja.
Nikamwajiri karani.

Tukakaa kutazama, shangazi na chai yake ya maziwa.
Watoto wanatoka kanisani, soksi nyeupe,
kila anayekimbia kingo zake zinaota meno ya kitana.
(Hilo nalijua, lina dawa yake.)
Dakika ya kumi na tisa ukungu unateremka kutoka Rungwe,
unameza uzio, unameza mgomba.
Kwenye kioo changu haukuwa ukungu.
Ulikuwa vigae. Vigae vya kijivu, vikubwa,
kama sakafu ya benki.

Shangazi akaweka kikombe chini.
"Rudisha. Hapo. Yuko wapi?"
Nani?
"Baba yake Lusajo. Alikataa kuingia ndani,
akasimama pale uzioni mpaka ibada ikaisha.
Hana picha nyingine."

Mtu aliyesimama kimya, koti la kijivu, ndani ya weupe:
karani alimtazama, akaandika, kama jana.

Basi nikafuta.
Nikafuta msimu mzima wa mpira, filamu tatu za kareti,
na folda niliyoiita Muhimu
ambayo sikukumbuka ina nini.
Nikadaka upya, bila kupoteza kitu.
Dakika ya kumi na mbili umeme ukakatika.
Nikangoja saa nane za usiku, pasi za majirani zimepoa,
nikaanza tena, miguu ndani ya blanketi,
sithubutu hata kufungua kikokotoo.

Akaja.
Kofia kwanza. Kisha ncha ya mwavuli.
Kisha pumzi yake, ukungu mdogo
ndani ya ukungu mkubwa.
Sekunde kumi na moja. Hakusogea hata mguu.

Lakini simu ya shangazi ni ndogo, nafasi yake kiganja.
Ilibidi nimrudie karani yuleyule.
Safari hii nikamwambia apite mara mbili:
mara ya kwanza atazame tu, kalamu sikioni,
mara ya pili ndipo aandike.
Kwenye hotuba ya mgeni rasmi nikamkata posho,
hotuba ile hata ikitoka na vigae hakuna atakayelia.
Kwenye sekunde zile kumi na moja nikamlipa mara nne.

Alhamisi shangazi alishika simu karibu na pua.
Akatazama. Akarudisha. Akatazama.
Nilitegemea machozi, nikawa nimeandaa kitambaa.
Akasema,
"Mwavuli ule ulikuwa wangu."
Akaifunga simu ndani ya kitenge kilekile.

Faili kubwa liko kwangu bado.
Kila asubuhi kompyuta inanionya kwamba diski imejaa,
nichague cha kufuta.
Nabonyeza: baadaye.