Nukta ya Tano

Huwezi kuutia mkono,
wala zebaki, wala waya wa tangisteni:
tangisteni, jabari wa metali, hutiririka machozi
kabla ya kufika hata nusu ya njia.
Basi tunasimama mbali, sisi na miwani yetu nyeusi,
kama wageni mlangoni pa nyumba yenye msiba,
tukisoma yaliyomo ndani
kwa yanayopenya dirishani.

Łódź, Februari. Ghorofa ya chini kabisa
ya chuo kilichokuwa kiwanda cha pamba.
Mabomba yanakohoa. Theluji imeziba kidirisha cha juu.
Ireneusz anafungulia gesi ya agoni,
nami nasogeza fimbo mbili za shaba
zikaribiane, zikaribiane, bado,
hadi zinapogusana na kuachana,
na katika kule kuachana
tao linazaliwa.

Ampea mia mbili. Milimita nane.
Weupe usio weupe: ukingo wa zambarau, shina la kijani,
linavuma kama nyuki waliofungiwa chunguni.

Nuru inapita kwenye ufa mwembamba kuliko unywele,
inagonga kioo chenye mistari elfu kwa milimita,
inachambuka rangi kwa rangi
kama mchele kwenye ungo.
Mia tano na kumi. Mia tano kumi na tano. Mia tano ishirini na mbili:
hayo ndiyo majina ya shaba ikighadhibika.
Naweka nukta kwenye grafu, nalaza rula.
Mstari ukiteremka ghafla, moto ni mpole;
ukijinyoosha kama anayesinzia,
hapo ndipo penye ukali.

Nukta nne zimetii.
Ya tano, mia tano sabini na nane,
imekaa chini ya wenzake.
"Ifute," anasema Ireneusz. "Mashine imechoka."

Baba yangu alichomelea meli kule Szczecin,
miaka thelathini na mmoja tumboni mwa vyuma.
Hakujua Kelvini. Alipima kwa sikio:
tao zuri, alisema, hulia kama mafuta kikaangoni;
likianza kutema mate, punguza.
Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote niliyosikia kwake.
Usiku macho yake yalipojaa mchanga wa ile nuru
mama aliyafunika kwa vipande vya kiazi kibichi,
naye akalala chali kwenye benchi la jikoni, hanisemeshi,
kiazi kikigeuka rangi usoni pake.
Nilisema ni mtu wa baridi.
Niliandika hivyo kwenye daftari la shule, nina miaka tisa,
kwa wino,
bila kuweka kosa la kipimo.

Siifuti.
Nazungusha lenzi, nalisoma tao upya
kutoka ukingoni hadi kiini, unywele kwa unywele,
na kumbe mashine haijachoka.
Nuru ya mstari ule huzaliwa katikati;
ikishika njia ya kutoka hukuta atomi za shaba zilizopoa,
ndugu wa damu, wanaoijua kwa jina,
nao huimeza.
Kikulacho ki nguoni mwako.
Kinachonifikia mimi ni salio.

Tunakirudisha kilichomezwa kwa hesabu, kurasa tatu.
Ireneusz anachemsha chai, anaisahau.
Saa nne usiku nukta ya tano inapanda,
si kabisa: inabaki kando kidogo
kama mtu aliyekaribishwa kiti akachagua kusimama.

Kelvini elfu kumi na moja na mia nne,
zaidi au pungufu mia sita.
Joto mara mbili ya uso wa jua
mahali padogo kuliko kidole gumba.

Nazima. Nyuki wanakatika.
Ncha za shaba zinabaki nyekundu kwa muda,
kisha kahawia,
kisha hazina la kusema.
Ireneusz, kalamu mkononi, anauliza
kama kosa abakishe mia sita.

Andika mia saba, namwambia.