Anika, Anua

Saa moja asubuhi, Kinondoni,
hakuna wingu la kufutia hata miwani.
Naanika.
Mashuka kumi na mawili ya gesti ya Mama Ndeshi,
sare za mapacha wa nyumba ya bluu,
na kanzu ya Mzee Shomvi, ya hitima, saa kumi kamili,
"na ukosi uwe mkavu, Kobelo, nina kikohozi."

Saa tatu upepo unageuka.
Kusi keshaaga, kaskazi haijafunga mizigo;
huu ni wa maleleji, upepo usio na kwao,
unaingia uani kama mtu aliyekuja kuangalia chumba,
anagusa shuka, anaacha, anajaribu suruali,
anaondoka bila kuulizia kodi.
Kisha tone moja, mkononi.
Nasubiri la pili; mwenye pupa huanua jua.
La pili linakuja na ukoo wake mzima.
Naanua.

Jana redio ya fundi Chogo ilisema:
vipindi vya jua, na mvua nyepesi
katika maeneo machache ya ukanda wa pwani.
Machache!
Eneo lenyewe ni kamba yangu.
Maana ng'ambo ya barabara, haki ya nani,
mtu anachoma mihogo juani
na vumbi linamwingia kwenye pilipili.

Watoto wanatoka na masufuria vichwani:
Simba kazaa! Simba kazaa!
Kazaa mara tatu tangu chai.
Huyo simba naye angepumzishwa.

Saa sita jua linarudi, halikuomba radhi.
Fukuto.
Bati linalia ta, ta, lami inafuka,
hata kivuli kina jasho.
Naanika.

Tekla anapiga simu kutoka Mgeta,
sauti inakatikakatika milimani.
"Huku ukungu haujainuka tangu Jumapili.
Juzi imenyesha ya mawe,
kabeji zote matundu.
Kijito kimekula ukingo wa chini, kule kwenye njegere,
tuta zima limeshuka, kaka.
Sijui limefika wapi."

Nikasema pole. Sikuwa na la kuongeza.
Nilitaka kumweleza habari ya kanzu, nikaona haya.
"Na huko kwenu, jua?"
Nikatazama juu.
"Subiri kidogo," nikasema, "nitakujibu."
Akacheka, salio likaisha.

Saa nane bomba, kimya siku ya nne,
likakohoa, likatema hewa, likatema kutu,
kisha maji, rangi ya chai ya maziwa.
Majirani wakasonya.
Mimi nikakinga kiganja.
Kwenye mistari ya mkono ukabaki mchanga mwembamba,
mwekundu, na ndani yake chembe za ulanga
zikimeta zilivyometa njiani, tukienda shule pekupeku.

Najua Ruvu wanachuja.
Najua mto ule una mikono mingi,
na huenda ni uchafu tu wa bomba la Mwananyamala.
Lakini sikuyamwaga.
Niliyaacha yatulie kwenye pipa,
na chini, nilipoinamia, palikuwa na tuta
lenye unene wa ukucha.

Mzee Shomvi akaja saa kumi kasoro.
Akapima ukosi kwa vidole viwili.
"Mbichi."
"Utakaukia mwilini, mzee."
Akakohoa mara moja, ya kunionyesha,
akaivaa hivyo hivyo, akaishika pindo,
akayaruka madimbwi yetu mguu kwa mguu
na mwavuli wazi, juani.

Usiku kamba iko tupu, vibanio vinagongana.
Ujumbe wa Tekla, neno moja:
Kumeanuka.
Nikatoka mlangoni nikanyoosha mkono gizani,
nikauacha huko kidogo,
nikamjibu kwa kidole kilicholowa:
Hapa bado.