Kutoka Farkwa Hadi Mvumi

Rubani alitandaza ramani juu ya pipa la mafuta,
akalaza rula: sentimita kumi na moja.
"Kilomita mia na kumi. Dakika thelathini na nne.
Upepo ukitusukuma mgongoni, thelathini na mbili."
Niliitazama rula ile, ya plastiki, ya mtoto wa shule,
imepasuka kwenye saba.

Kisha akatupima kama magunia ya ufuta.
Leokadia na tumbo lake, sabini na nne.
Sista Generosa themanini; akavua viatu, bado themanini.
Mimi sitini na moja, na debe la asali
nililodhani litalipa kitanda.
Rubani akatikisa kichwa.
Uwanja mfupi, udongo umelowa jana,
na hewa ya saa saba mchana haibebi kama ya alfajiri.
"Basi asali ibaki," nikasema.
"Na wewe," akasema.

Nikawafukuza mbuzi uwanjani mwenyewe,
nikiwapungia kofia, ili mke wangu aondoke.

Mto Bubu ulinifika kifuani.
Ng'ambo nikalala kwenye kibanda cha mlinzi wa mtama,
asubuhi nikapata lori la ng'ombe,
nikasimama nyuma kati ya pembe na mikia,
nikihesabu: sasa wameshatua, sasa ameshazaa,
sasa ameshakufa, sasa anauliza niko wapi.
Zanka, pancha.
Jeki ilizama topeni mara tatu.
Usiku nikajilaza chini ya lori,
ng'ombe wakikanyaga mbao juu ya kichwa changu,
na juu ya ng'ombe mbingu, nyeupe kwa nyota.
Sikuitazama sana. Nilikuwa na njaa.

Mvumi nilifika siku ya tatu.
Leokadia ameketi kitandani, anakunywa uji.
"Hakungoja tutue," akasema.
"Dakika ya kumi na nane. Rubani alitazama saa yake,
akachungulia chini, akasema: Zanka ile."

Karani wa vizazi aliuliza mahali pa kuzaliwa.
Nikamweleza. Akageuza kalamu, akatafuta nafasi,
kisanduku kilikuwa kidogo.
Akaandika: Dodoma.

Pulkeria yuko darasa la sita.
Jana kaja na swali la mwalimu,
ndege imesafiri kilomita kadhaa kwa dakika kadhaa,
tafuta mwendokasi.
Akaachana na namba za mwalimu, akaweka zake,
mia na kumi, thelathini na nne,
akapata mia moja tisini na nne kwa saa, na baki.
"Na wewe, baba, ulikwenda kwa kasi gani?"
Nikachukua penseli.
Saa hamsini na moja, nikaandika. Nikafuta.
Sikujua mto niuweke wapi,
wala jeki, wala usiku ule
nilipolala chini kabisa ya mahali alipozaliwa
nikisikia ng'ombe tu.

Lile debe la asali, ukitaka kujua,
nililikuta pale pale pembeni mwa uwanja.
Siafu walikuwa wameshafika.