Shingo Upande

Wanaosema mtu kakubali jambo shingo upande
waje waniulize mimi.
Kila kitu nakipokea hivyo:
chai, salamu, taa nyekundu, busu la mjukuu.

Miaka ishirini na sita naendesha tramu hapa Riga,
kutoka karakana hadi ng'ambo ya mto na kurudi,
na tangu baridi ya mwaka juzi
kulia kwangu hakupo tena.
Kupo, ila ndani ya kioo.
Bibi na kigari chake cha viazi,
mvulana anayekimbilia mlango, skafu mdomoni,
wote wanajia humo, wadogo, kinyumenyume,
nami nawasubiri.

Tramu haina usukani. Ina wenzo,
na reli ndiyo ijuayo kukata kona.
Bahati yangu.

Vizma wa mazoezi alinibonyeza kwa kidole gumba:
"Kutoka moja hadi kumi, inauma kiasi gani?"
Nikasema: "Kama Jumanne."
Akaandika sita.
Kisha akanionyesha picha ya pingili zangu,
zimepangwa kama vikombe
kabatini mwa mtu aliyehama usiku.

Ilmārs wa zamu ananishauri nisiiwaze, itapoa.
Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Goti lake, lakini, tumelisikia wote,
mpaka makondakta waliokwisha kustaafu.

Jioni natia joko kifuko cha kokwa za cheri
alichonishonea dada Velta.
Kinanukia Julai iliyoungua kidogo.
Nakilaza kisogoni, nami nalala
sakafuni, jikoni, magoti juu,
naitazama meza kwa chini.

Huko ndiko nilikoiona:
74, kwa penseli,
saba yenye mkato katikati kama alivyoiandika yeye,
na kando yake hesabu ndogo ya kutoa, imekosewa.
Miaka tisa tangu tumzike.
Nimeipangusa meza hii kila siku, juu.

Sisemi maumivu ni mwalimu.
Mwalimu huenda likizo.
Nasema tu kwamba nililala pale
hata kokwa zikapoa,
nikairudia ile hesabu, nikaisahihisha kichwani,
kisha nikaiacha ilivyo.

Kuinuka ni kwa mafungu, kama kulipa deni:
ubavu kwanza, kiwiko, goti,
mkono kwenye kiti,
tusi moja la marehemu mama.

Saa kumi na moja alfajiri, theluji.
Nageuka mzima mzima,
kabati linalopitishwa mlangoni.
Nafunga milango. Nagusa wenzo.
Kiooni, mbali sana, skafu.

Ratiba inasema twende.
Mgongo unasema lake, siku zote unalo la kusema.
Nafungua tena.