Kwa Nkwabi, Nyakato

Gari la mbio, milango miwili,
halina injini. Kuku anaatamia kitini.
Limesimama, na bado linakwenda.

Nilitaka bawa nyuma, taa za buluu,
ndimi za moto ubavuni.
Nkwabi hakubisha. Alinishika kiganja,
akakipitisha kutoka taa ya mbele
juu ya boneti, paa, hadi kwenye mkia.
"Umekwama wapi?"

Sikukwama.
Mstari mmoja,
kama mnandi anapozama pale Kirumba
bila kurusha maji.

"Baba yako alilitamani likiwa jipya;
mwanao naye atasimama hapo ulipo.
Aliyelichora alijua pa kuachia."

Akalowesha msasa kwenye ndoo,
akaendelea, taratibu, kuikwangua
rangi ya dhahabu
niliyoilipia mwenyewe.