Leo Huna Zamu

Ukurasa wa arobaini na moja.
Minza Ng'wandu kaandika kwa kalamu, mimi nachapa,
chumba cha steshenari Nyegezi, feni inakohoa:
"Furu tuliopima Kayenze wamebaki 3% tu,
na wanawake wa mwaloni wanasema hata hao ni wageni."

Nikabonyeza. Karatasi ikatoka na
"Furu tuliopima Kayenze wamebaki 3"
basi.

"Watatu?" akauliza Minza. "Ungewapa na majina."

Kumbe lugha hii ya kupangia vitabu
ina alama zake ilizoziajiri.
Asilimia kwake si hesabu, ni kidole mdomoni:
kuanzia hapa hadi mwisho wa mstari
ni siri ya mwandishi, msomaji asisikie.
Ikawanyamazisha wanawake, ndoo zao,
na miaka yote waliyokaa wakipara samaki.
Haikukosea. Ilitii.
Hilo ndilo lililoniudhi.

Dawa yake mkwaju.
Si ule wa uji, wala ule wa kiunoni mwa mtoro;
huu umeinamia nyuma, unatangulia alama
na kuiambia: leo huna zamu, kuwa ulivyo.
Kama mgambo wa Kirumba siku ya mapumziko,
shati la maua, anachagua dagaa,
na wauza nyanya hawakimbii.

3\%.
Wanawake wakarudi ukurasani.

Tukafika kwenye jalada, likagoma.
Kile kikoma cha juu katika Ng'wandu
mashine ikakiona mlango. Ikaingia,
ikatafuta mlango wa kutokea,
ikameza jina la chuo, mwezi, mwaka,
bado inatafuta.

"Tukitoe," nikasema. Saa tatu usiku, nimechoka.
"Ngwandu. Nani atajua?"

"Baba.
Karani wa vitambulisho alimwambia hivyo hivyo:
mzee, kompyuta haikitaki."

Nikaweka mkwaju.

(Na mkwaju wenyewe, ukitaka uonekane,
hutanguliziwa mkwaju. Mlinzi wa mlinzi.
Wa mbele kabisa haonekani kamwe,
sijui nani humpelekea chai.)

Jalada likatoka lina joto.
Minza akalisoma jina kwa sauti, likipitia puani
linavyotakiwa, mara mbili,
akalipa, akasimama mlangoni
akisubiri mia mbili yake.